Mwanasesere wa Mstatili Mmoja

Kabla ya kushonwa, mwanasesere wa kufuma hana umbo la mtu. Ukimlaza mezani unaona kipande cha kitambaa kinachokaribia mraba, kimepangwa rangi kutoka chini kwenda juu: kahawia ya viatu, buluu ya suruali, nyekundu ya sweta, hudhurungi ya uso, halafu buluu tena ya kofia. Mikono, miguu na shingo havijatokea. Vitapatikana baadaye kwa sindano ya kushonea na urefu wa uzi usiofika mita moja.

Hesabu yake ni ndogo. Vitanzi 30 vinaanzishwa kwenye sindano, kisha inafumwa mistari 6 ya viatu, 20 ya suruali, 20 ya sweta, 12 ya uso na 10 ya kofia. Hakuna kupunguza vitanzi wala kuongeza. Kila mstari unafumwa kwa mtindo mmoja, kwenda na kurudi, mpaka vitanzi vipatavyo elfu mbili vimepita mikononi. Aliyejifunza kufuma wiki iliyopita anaweza kuimaliza kazi hii, na ndiyo sababu wanasesere wa namna hii wamefumwa kwa wingi na watu wasiofahamiana, wakapelekewa watoto ambao wafumaji wao hawatawaona kamwe. Nimewatazama wanasesere hawa kwa muda mrefu, wazuri na wabaya, na nimeamini jambo moja: kitu rahisi cha kugawa bure kinadai ufundi mkali kuliko kitu cha kuuza. Mnunuzi akiona mshono umefumuka atarudi dukani kulalamika. Mtoto aliyepewa zawadi hospitalini au kambini hana pa kuirudisha.

Muundo huu una ndugu wengi duniani. Ninaoupenda zaidi una jina la askari. Mark Isfeld alikuwa mhandisi katika jeshi la Kanada, na miaka ya mwanzo ya 1990 alipelekwa Kroatia na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, kazi yake ikiwa kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini. Wenzake walimwita Izzy. Miongoni mwa picha alizowaonyesha wazazi wake ilikuwamo ya mwanasesere aliyeachwa kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Mama yake, Carol Isfeld, mkazi wa Courtenay katika jimbo la British Columbia, hakuweza kuacha kumfikiria mtoto aliyekuwa na mwanasesere yule. Akaanza kutengeneza wanasesere wadogo wa nyuzi za sufu, wanaoingia katika mfuko wa sare ya askari. Wa kiume aliwavika kofia za buluu za walinda amani. Mwanawe akawachukua na kuwagawia watoto aliokutana nao kazini.

Tarehe 21 Juni 1994, huko Kakma, Mark Isfeld aliuawa na bomu la ardhini. Alikuwa na umri wa miaka 31. Askari wenzake walimwomba mama yake aendelee kufuma, wakawapa wanasesere wale jina la Izzy. Wafumaji wengine wa Kanada wakaingia kazini, na wanasesere wakasafiri na wanajeshi hadi nchi nyingine, Afghanistan ikiwemo. Shirika la Health Partners International of Canada, linalotuma dawa kwenye nchi zenye uhitaji, likaona matumizi ya pili yenye busara: wanasesere walitumika kujazia nafasi ndani ya masanduku ya dawa, mahali ambapo vingewekwa vipande vya plastiki vya kutupwa. Dawa zinafika bila kuvunjika, na kilichozikinga kinakwenda moja kwa moja mikononi mwa mtoto. Anayeuliza kwa nini watu wasitume fedha tu anauliza swali la haki, na mara nyingi fedha ndizo zinazotangulia. Katika sanduku lile, hata hivyo, mwanasesere hakuchukua nafasi ya kidonge hata kimoja.

Nirudi kwenye sindano, maana hapo ndipo uzuri ulipo.

Uzi wa sweta wa unene wa kati kwa kawaida hufumwa kwa sindano za milimita 4. Mfumaji wa wanasesere anashuka hadi 3.25, wakati mwingine 3. Sababu haionekani mpaka kazi ijazwe: kitambaa cha sweta hutakiwa kulainika na kupitisha hewa, lakini kitambaa cha mwanasesere ni ukuta. Kikiwa kimelegea, pamba itachungulia kati ya vitanzi, na kidole cha mtoto wa miaka miwili kitaipata, kitaivuta, na kitaipeleka mdomoni. Kwa hiyo vitanzi vinabanwa. Kubana huku kuna gharama yake kwa mwili wa mfumaji, hasa wazee ambao ndio wengi katika kazi hii. Vidole vinakufa ganzi na kiganja kinachoka. Mfumaji mzoefu haukazi uzi kwa nguvu ya kidole. Anauzungusha mara moja kwenye kidole cha mwisho, na uzi wenyewe unajizuia unapopita. Sindano nyembamba inafanya kazi iliyobaki.

Usawa ni mgumu kuliko ubanaji. Anayeanza hufuma mistari ya kwanza kwa hofu, vitanzi vikashika sindano hadi havisogei; akizoea, mkono unalegea, na kitambaa kinatanuka katikati. Katika sweta ya mtu mzima tofauti hiyo humezwa na ukubwa wa kazi. Katika kitambaa cha vitanzi 30 inatoka nje yote, na mwanasesere anapata kitambi asichopangiwa au kichwa chembamba kuliko mguu. Aliyekwisha kufuma mia anatambuliwa hapa, kabla hujaona uso wala kofia: shika kingo mbili za kitambaa, uvute taratibu, na matuta yote yatafunguka kwa kipimo kimoja.

Matuta hayo ndiyo kalenda ya mfumaji. Mistari miwili inazaa tuta moja, hivyo mistari 20 ya suruali ni matuta 10, na jicho linaweza kuyahesabu hata taa ikiwa hafifu au mazungumzo yakiwa yamenoga. Rangi hubadilishwa upande wa mbele tu. Ukibadilisha upande wa nyuma, mpaka wa suruali na sweta utakuja na vidoti vya rangi mbili vilivyochanganyika, na hakuna kushona kutakakovificha. Tena kitanzi cha kwanza cha kila mstari hakifumwi, kinahamishwa tu kutoka sindano hii hadi ile, ili ukingo uwe safi. Ukingo huo ndio utakaokuwa mgongo.

Kuhusu uzi wenyewe, sina mashaka: wa akriliki. Sufu ya kondoo ni nzuri zaidi mkononi, lakini ikiingia kwenye maji ya moto na kusuguliwa inajisokota na kusinyaa, na wodi ya watoto inahitaji kitu kinachofuliwa kwa sabuni mara kwa mara. Akriliki inavumilia, mradi isikutane na pasi. Ndiyo inayojaa katika masoko yetu, na mabaki yake yamo karibu kila nyumba yenye mfumaji wa sweta za shule: kijani, maruni, buluu ya bahari, kijivu. Nimewahi kuona safu ya wanasesere waliovaa sare za shule kadhaa kwa sababu ya mabaki hayo, na sikutamani wavae kitu kingine.

Sasa kushona. Kitambaa kinakunjwa, kingo mbili zinakutana nyuma, na sindano inapita ikishika tuta la upande huu kisha tuta la upande ule, bila kuvusha uzi juu ya ukingo. Ukivuta, kingo zinaingia ndani na mshono unatoweka. Mwenye haraka hushona kwa kuzungusha uzi kingoni. Inashika, ila mgongo wa mwanasesere unabaki na kovu gumu ambalo mtoto atalilalia usiku. Juu ya kofia, uzi unapitishwa katika vitanzi vyote 30 na kukazwa mpaka tundu lizibe. Chini panaachwa wazi kwa ajili ya kujaza.

Kujaza ndiko kunakodharauliwa kuliko hatua zote, na ndiko kunakoamua kama kitu hiki kitakumbatiwa. Pamba ya poliesta, ile ya mito, inachambuliwa kwa vidole mpaka iwe nyepesi, na inaingizwa kidogo kidogo. Bonge kubwa likisukumwa mara moja linabaki bonge daima, na kila anayemshika mwanasesere atalihisi. Vitambaa vilivyokatwakatwa vinampa uzito na nundu. Ncha za uzi zilizobaki zinashawishi, maana zipo tele, lakini rangi zake zinaonekana kupitia usoni. Sufi ya magodoro ya zamani, ninayoipenda kwa mambo mengine, inagandamana ikifuliwa. Kichwa kinajazwa kwanza, nacho kiwe kigumu kidogo. Tumbo likibonyezwa linatakiwa litii kama embe lililoiva.

Shingo ina siri yake. Uzi unapitishwa kuzunguka mpaka wa sweta na uso, na mkono unataka kuuvuta mara moja uone kichwa kikitokea. Mfumaji anayejua anasubiri. Kwanza anaingiza pamba inayovuka mpaka huo, nusu ikiwa kichwani na nusu kifuani, ndipo anakaza, na hakazi sana. Pamba ile inabaki ndani ikisimamisha shingo. Bila hiyo kichwa kitalegea baada ya wiki chache na kuangukia kifuani, na mtoto anayeishi na wagonjwa hahitaji mwanasesere anayeonekana mgonjwa.

Mikono inapatikana kwa mistari miwili ya mishono midogo inayopenya kifua kutoka mbele hadi nyuma, pembeni mwa sweta. Miguu inapatikana kwa mstari mmoja unaopanda katikati ya suruali. Uzi ukikazwa, pamba inasogea pande zote mbili na viungo vinajitokeza. Sijachoka kulitazama tukio hilo. Mfuko wa kitambaa unakuwa mtu kwa mishono isiyofika 40.

Halafu uso. Hapa wafumaji wazuri wanaachana na wazuri mno. Mwaka 1943 mtafiti wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza alama zinazotufanya tumwone kiumbe fulani kuwa mchanga na kutaka kumtunza: kichwa kikubwa, paji pana, macho yaliyokaa chini usoni. Wafumaji wengi hawajamsoma lakini sindano zao zinalijua jambo hilo. Macho yakiwekwa katikati ya uso, mwanasesere anakuwa mtu mzima mwenye shughuli zake. Yakishushwa tuta moja na kutenganishwa kidogo, anakuwa mtoto. Nafasi hiyo hutafutwa kwa pini zenye vichwa vya rangi, na pini zinahesabiwa zinapoingia na zinapotoka, kwa sababu pini iliyosahaulika ndani ya pamba ni hatari.

Macho yenyewe hutiwa kwa uzi. Vifungo na shanga vinapendeza na havifai: vinang'oka, na mtoto wa chini ya miaka mitatu huvimeza au vikamkwama kooni. Sharti hilo la macho ya uzi linafanana karibu kila mahali panapopokewa vitu hivi, na ni sharti zuri hata kwa sanaa, maana linamlazimisha mfumaji kupata uhai wote wa uso kwa mishono michache ya uzi mweusi. Kuhusu mdomo nina msimamo wangu. Wengi hutia tabasamu pana lililopinda hadi mashavuni. Mimi nautaka mdomo mfupi, unaokaribia kunyooka, wenye mpindo mdogo sana. Mtoto mwenye furaha atauona unacheka, na aliyeamka usiku akilia hatakutana na mtu anayemchekelea.

Kwa nini mwanasesere, na si mpira au penseli za rangi? Mpira na penseli ni vitu vyema, lakini havikumbatiwi. Mwaka 1958 Harry Harlow, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha matokeo ya majaribio yake na watoto wa nyani waliotengwa na mama zao. Aliwapa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya na mwingine wa kitambaa laini. Hata maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, watoto walinyonya wakarudi haraka kumng'ang'ania wa kitambaa. Majaribio yale yalikuwa ya kikatili na hayapendezi kuyasimulia. Walichoonyesha wanyama wale ni kwamba ulaini ni hitaji linalosimama lenyewe, kando ya njaa.

Kuna utafiti mwingine unaonigusa zaidi. Wakati wa vita vya mwaka 2006 kati ya Israel na Hezbollah, Avi Sadeh na wenzake waliwapa watoto wadogo wa Israel waliohamishwa na mapigano mbwa wa kitambaa mwenye uso wa huzuni. Hawakuwaambia kwamba mbwa atawaliwaza. Waliwaambia kwamba mbwa yule ana huzuni na anahitaji mtu wa kumtunza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba dalili za msongo zilipungua, hasa kwa watoto walioshikamana naye na kumtunza kweli. Mtoto aliyenyang'anywa karibu kila uamuzi, asiyejua atalala wapi kesho, alipewa mtu mmoja ambaye yeye ndiye mkubwa wake.

Wazaramo wa pwani ya Tanzania waliijua nguvu hiyo kwa njia yao. Mwari aliyekuwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye kichwa kilichochongwa mfano wa nywele, akamwogesha na kumpaka mafuta kama mtoto wake. Hakuwa kitu cha kuchezea, alikuwa na uzito wa mila, na sitaki kumchanganya na mwanasesere wa uzi. Ila mikono iliyokabidhiwa kutunza inafundishwa kitu kimoja na mti, na gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa mgongoni mwa msichana wa miaka minne, na uzi.

Kwa kuwa mtoto atamtunza kama wake, rangi ya uso nayo ni sehemu ya ufundi. Mtoto wa Malawi au wa Kigoma anayepewa mwanasesere wa waridi atampenda pia, watoto ni wakarimu. Lakini mfumaji anayetafuta hudhurungi iliyoiva, kahawia ya kahawa na nyeusi yenye joto, akaziweka zote katika furushi moja, amefikiria ni nani atakayelifungua. Nataka kila anayefuma kwa ajili ya Afrika afanye hivyo bila kukumbushwa.

Na nataka tufume wenyewe. Ufundi upo. Njoro, katika Bonde la Ufa la Kenya, kikundi cha Kenana Knitters tangu mwaka 1998 kimekuwa kikiwaajiri wanawake wa vijijini kusokota sufu ya hapo, kuitia rangi za mimea na kufuma wanyama wa kuchezea, ambao wengi wao huuzwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Twiga wa Njoro analala na mtoto London wakati Izzy wa Kanada anaelekea kusini. Safari zote mbili zinanifurahisha. Zaidi ya hapo, shule zetu zilifundisha kufuma katika sayansi kimu, na vitambaa vya makochi kutoka Mbeya hadi Nyeri vinathibitisha kwamba somo lilieleweka. Umoja wa akina mama wenye wafumaji kumi unaweza kuijazia wanasesere wodi ya watoto iliyo jirani. Muuguzi mkuu aulizwe kwanza anapokea nini na kwa masharti gani, idadi ya vitanda ihesabiwe, na wasipelekwe mpaka watimie. Kumpa mtoto mmoja huku wa kitanda cha pili akitazama ni ukatili ambao nia njema haiufuti.

Mwanasesere aliyejazwa anafungwa chini kwa mshono ule ule wa mgongoni, miguu ikiwa imenyooka. Uzi unapomalizika haukatwi karibu na fundo, kwa sababu fundo lenye mkia mfupi ndilo la kwanza kupatikana na vidole vidogo. Unaachwa mkia wa sentimita 15. Sindano inauingiza mwilini, inautoa kiunoni, inaurudisha ndani kwa njia nyingine na kuutoa begani, ili usiweze kuvutika kwa upande mmoja. Kisha mkia unavutwa kidogo na kukatwa ukiwa umekazwa, na ncha inajirudisha ndani ya pamba. Anayekagua humshika mwanasesere mikono yake miwili midogo akavuta, akamshika kichwa na miguu akavuta tena kwa nguvu zaidi ya zile atakazotumia mtoto. Uzi ukilia popote, mshono huo unafumuliwa na kushonwa upya kabla hajaingia sandukuni.